Dashibodi: Historia ya Neno na Hatari ya Tafsiri Yake

Dashibodi si neno geni kwa Waswahili. Madereva wa malori na mafundi wa gereji wamelitumia tangu zamani kwa maana ya ule ubao ulio mbele ya dereva, wenye kipimo cha mwendo, kipimo cha mafuta na taa za tahadhari. Lakini katika Kiingereza, lugha ambamo tumelitoa, neno hili ni kongwe kuliko motokaa. Hapo mwanzo lilitaja ubao au ngozi iliyowekwa mbele ya gari la kukokotwa na farasi, ili kumkinga mwendeshaji na matope yaliyorushwa na kwato. Motokaa ilipokuja, farasi aliondoka, ubao ukabaki, na vipimo vikapachikwa juu yake. Hivyo neno lililoanza kwa maana ya kinga likaishia kwa maana ya taarifa. Tofauti hiyo kati ya kinga na taarifa ndiyo kiini cha makala haya.

Siku hizi dashibodi ni pia ukurasa wa kompyuta unaomwonyesha mkuu wa idara, kwa tarakimu na rangi, hali ya vifaa vyote wanavyotumia watumishi wake: kompyuta za mezani, kompyuta za mkononi na simu. Aghalabu kila kifaa hutiwa programu ndogo ambayo twaweza kuiita wakala. Wakala huyo hutazama kama mfumo wa uendeshaji umetiwa viraka vya karibuni, kama programu ya kuzuia virusi inafanya kazi, na kama nywila ina urefu unaotakiwa. Kisha hupeleka ripoti makao makuu. Huko ripoti hulinganishwa na masharti yaliyowekwa, na kifaa huhesabiwa kuwa kimetimiza au hakijatimiza.

Utaratibu huu haukuzuka mara moja. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2002 iliziamuru idara zote za serikali kuu kulinda mifumo yao ya habari na kutoa taarifa juu yake. Ukaguzi mkubwa wa kuidhinisha mfumo ulifanywa kila baada ya miaka mitatu, nao ulizaa majalada mazito ya karatasi ambayo huchakaa upesi, kwa kuwa udhaifu mpya wa programu hugunduliwa kila wiki. Kabla ya mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo ilianza kutumia dashibodi iliyoitwa iPost, iliyokusanya habari za kompyuta za balozi na ofisi zake ulimwenguni, na kuipa kila ofisi daraja kwa herufi, kama mwanafunzi apewavyo.

Hapa mtaalamu wa istilahi ana la kujifunza. Waliobuni iPost hawakulitumia neno moja la usalama kwa mambo yote. Walihesabu mbali udhaifu wa programu, mbali viraka vilivyokosekana, mbali utimizaji wa masharti. Zaidi ya hayo, kompyuta iliyoshindwa kupeleka ripoti iliongezewa alama za hatari: ukimya wake haukuchukuliwa kuwa dalili ya afya. Hata hivyo, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2011 kwamba alama hizo zilihusu kompyuta zenye mfumo wa Windows tu. Vifaa vya mtandao na mifumo ya namna nyingine havikuhesabiwa. Daraja la juu, basi, lilikuwa sifa ya kile kilichopimwa, si cha ofisi nzima.

Mfano wa upande wa pili ni Uingereza. Mwezi wa Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mmoja katika Windows, na hospitali za umma zikaonywa zikitumie. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika ufa huo, ikafunga majalada na kudai fidia. Wakaguzi wa hesabu za serikali walikuta kuwa mashirika ya hospitali yasiyopungua 81 kati ya 236 ya England yaliathirika, na maelfu ya wagonjwa waliahirishiwa miadi yao. Walikuta pia kwamba, kabla ya siku hiyo, wizara haikuwa na utaratibu rasmi wa kujua kama hospitali zilifuata maonyo yake. Onyo lilitolewa, lakini jibu halikuwa na njia ya kurudi.

Basi tufasiri vipi? Nimekuta tafsiri ambamo kifaa kilichotimiza masharti kinaitwa “salama”. Hilo ni kosa, na si kosa dogo. Ofisa asomaye “vifaa 940 ni salama” ataacha kuuliza. Asomaye “vifaa 940 vimetimiza masharti” bado ana swali la kuuliza: masharti gani, na yaliwekwa lini? Napendekeza tuseme “kimetimiza masharti”, “hakijatimiza masharti”, na, kwa hali ya tatu ambayo watafsiri wengi huisahau, “hakijaripoti”. Hali hiyo isiunganishwe na yoyote kati ya zile mbili.

Vilevile tujihadhari na msemo “ufuatiliaji endelevu”. Neno endelevu limekwisha kushika maana yake katika habari za maendeleo na mazingira, nayo ni maana ya jambo linaloweza kudumu bila kumaliza rasilimali. Kinachotakiwa hapa ni kutazama bila kuacha; “ufuatiliaji wa mfululizo” watosha.

Ama dashibodi yenyewe, hakuna haja ya kuibadilisha. Dereva ajua kwamba taa ya mafuta ikizimika si lazima tangi limejaa. Huenda balbu imeungua. Mtafsiri akimwachia mkuu wa idara ujuzi huo wa dereva, atakuwa amemsaidia.