Mbono Kaburi na Injini ya Dizeli

Ndugu mkulima, mbono kaburi unaujua. Wazee wetu waliupanda kando ya makaburi na kuuzungushia mashamba, maana mbuzi hawali majani yake. Umepata pia kusikia kwamba mbegu zake hutoa mafuta ya kuendeshea mashine. Ni kweli. Lakini je, yafaa kung'oa mahindi ili upande mbono? Hebu tuifuate habari hii tangu mwanzo.

Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya aina aliyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, kwa kuwa karanga zilistawi katika makoloni yake ya Afrika. Injini ikaenda vizuri, hata watazamaji wengi hawakutambua kilichomo ndani ya tangi.

Basi mbona mafuta ya mimea hayakuendelea? Kwanza, yale ya kuchimbwa ardhini yalikuwa rahisi. Pili, mafuta ya mimea ni mazito. Ukiyatia hivi hivi kwa muda mrefu, huziba nozeli na kuacha masizi ndani ya injini. Mwaka 1937, huko Ubelgiji, mtaalamu G. Chavanne alipewa hati ya njia ya kuyafanya mepesi: kuyachanganya mafuta ya mawese na spiriti pamoja na dawa nyingine. Mwaka 1938 basi la abiria lilitumia mafuta ya namna hiyo kati ya Brussels na Louvain.

Tangu hapo, kila bei ya mafuta inapopanda, mimea hukumbukwa. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mwaka 1973, na tena kuanzia mwaka 2005 hivi. Safari hii zamu ilikuwa ya mbono. Kule Kisarawe, kampuni moja ya kigeni ilipewa ardhi ya vijiji, zaidi ya hekta 8,000. Mwaka 2011 kazi ikasimama. Wanavijiji wengi wakabaki hawana ajira, na ardhi nayo haiko mikononi mwao.

Kosa lilikuwa wapi? Watu waliambiwa kwamba mbono huridhika na udongo hafifu na mvua chache. Kweli, haufi. Lakini kutokufa ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine. Ili uzae sana, nao unataka maji na mbolea kama mazao mengine. Tena matunda yake hayaivi kwa pamoja. Huna budi kuyachuma kwa mkono, mara kwa mara. Na kwa lita moja ya mafuta, kwa mashine ya mkono, utahitaji kilo 4 hadi 5 za mbegu.

Kwa hiyo, akija mtu na habari ya zao la mafuta, pima kwanza. Chuma saa nzima, weka mbegu kwenye mizani, kisha uliza: nani atanunua, kwa bei gani, na bei hiyo imeandikwa wapi? Mbono uache kwenye ua, ambako hauli nafasi ya chakula. Mashudu yake ni mbolea nzuri, lakini yana sumu; usiwape mifugo, na watoto wasile mbegu.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi njema, ndugu mkulima.