Ngazi Isiyojengwa: Habari za Samaki wa Mto Elwha

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jimbo la Washington, pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani, mambo yalikwenda kinyume: watu walijenga ukuta wakaacha kujenga ngazi, na wajukuu wao wakalazimika kuubomoa ukuta. Habari za Mto Elwha zastahili kukumbukwa, kwani samaki wake hawakuangamia kwa kukosa sheria ya kuwalinda. Sheria ilikuwapo kabla ya ukuta.

Elwha si mto mrefu. Ni maili 45 tu. Huanzia katika theluji ya milima ya Olympic, hushuka kwa kasi, na kuingia baharini katika mlango wa Juan de Fuca. Sifa yake ilikuwa samaki waitwao samoni, ambao jinsi zote tano za Pasifiki zipatikanazo upande wa Amerika zilikuwamo. Samoni huanguliwa katika changarawe za mto, huteremka baharini akiwa mdogo, na akiisha kukomaa hurudi, akiongozwa na harufu ya maji, katika mto ule ule aliozaliwa. Huko hutaga mayai na kufa. Mzoga wake huwa chakula cha dubu na tai, na rutuba ya misitu ya ukingoni. Waklallam, wenyeji wa nchi hiyo, waliishi kwa samaki hao. Katika mkataba wa Point No Point wa mwaka 1855 walitoa ardhi yao kwa serikali ya Marekani, lakini walijiwekea haki ya kuvua mahali pao pa desturi.

Mwaka 1890, mwaka mmoja tu baada ya Washington kuwa jimbo, baraza lake la kutunga sheria liliamuru kwamba kila ukuta uzuiao mto wapandao samaki uwekewe njia ya kuwapitisha. Lakini Thomas Aldwell alipoanza, mwaka 1910, kujenga ukuta wa kupatia umeme, maili 5 tu kutoka mlango wa mto, hakuweka njia hiyo. Mwezi wa Oktoba 1912 maji yalipenya chini ya msingi, yakautoboa, na gharika ikashuka bondeni. Ukuta ukatengenezwa upya, na mwishoni mwa mwaka 1913 umeme ukaanza kutoka. Ngazi ya samaki haikuwapo bado.

Hapo ndipo ilipopatikana hila. Mwaka 1914 Kamishna wa Uvuvi wa jimbo, Leslie Darwin, badala ya kudai ngazi, alishauri kijengwe kituo cha kuangulia mayai ya samaki chini ya ukuta, na ukuta wenyewe uhesabiwe kuwa kizuizi cha kuwakamatia samaki wa kituo. Kosa likabadilishwa jina, likawa huduma. Mwaka 1915 sheria nayo ikarekebishwa ili mapatano ya namna hiyo yawe halali. Kituo kikaachwa mwaka 1922, na ngazi haikujengwa. Mwaka 1927 ukuta wa pili, wenye urefu wa futi 210, ukasimama juu zaidi katika korongo la Glines, nao pia bila ngazi. Zaidi ya maili 70 za mto na vijito vyake zikafungwa. Wataalamu hukisia kwamba zamani samoni karibu laki nne walirudi kila mwaka. Mwishoni mwa karne walibaki elfu chache.

Hasara haikuwa ya samaki peke yao. Mchanga ulinaswa nyuma ya kuta, na pwani iliyoutegemea ikaliwa na mawimbi. Mahali ambapo Waklallam huamini kuwa ndipo walipoumbwa palifunikwa na maji. Haki ya mwaka 1855 ilibaki katika maandishi, lakini haki ya kuvua pasipo samaki ni kama ufunguo wa ghala tupu. Mwaka 1974 Jaji George Boldt alihukumu kwamba makabila yenye mikataba yastahili kupata nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Katika miaka ya 1980 Waklallam, pamoja na vyama vya uhifadhi, walipinga kuta zile kupewa leseni, na mwaka 1992 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuurudishia mto hali yake.

Ubomoaji ulianza Septemba 2011, ukaisha mwaka 2014. Kazi nzima iligharimu dola milioni 325 hivi. Mwaka 2012 samoni walionekana wakipita pale uliposimama ukuta wa chini, na ziwa lilipokauka, mahali patakatifu pa Waklallam pakaonekana tena.

Hata hivyo swali la mwaka 1914 halikuisha. Kituo kipya cha kuangulia kilijengwa ili kizazi cha samaki kisipotee wakati tope la miaka mia likishuka mtoni. Mwaka 2012 watetezi wa samoni wa porini walikwenda mahakamani, wakisema kwamba samaki wa kulelewa hudhoofisha damu ya wale wa asili. Waklallam waliona kwamba kuacha kizazi kilichobaki kife katika tope si uhifadhi. Kila upande ulikuwa na hoja ya haki, na shida hiyo yenyewe ni urithi wa ukuta.

Oktoba 2023 Waklallam walivua tena Elwha, samaki wachache wa chakula na wa ibada, kwa mara ya kwanza tangu kuta kubomolewa. Hesabu ya zamani haijafikiwa. Sheria ya mwaka 1890 ilikuwa na maneno machache: kuyapuuza kulihitaji mapatano ya siku chache, na kuyatimiza kukahitaji karne nzima.