Mbwa: Istilahi za Mbegu, Uzazi na Matunzo

Mbwa ndiye mnyama aliyefugwa kabla ya wote: binadamu alikuwa naye kabla ya mbuzi, ng'ombe na shamba la mtama. Mtoto wake ni kilebu, neno ambalo wanafunzi hulikariri pamoja na ndama na kihongwe, ingawa mitaani husemwa tu mtoto wa mbwa. Jibwa ni mbwa mkubwa wa kutisha. Kijibwa ni mbwa mdogo, na pia ni tusi kwa mtu anayejipendekeza kwa mwenye nguvu. Kwenye mageti mengi ya Kenya huandikwa “Mbwa Kali”. Sarufi inataka “mbwa mkali”, kwa kuwa kivumishi cha kiumbe chenye uhai hufuata mtindo wa mtu.

Mbwa mwitu ni jina la wanyama wawili tofauti. Katika tafsiri za Biblia na hadithi za kigeni ni yule wa Ulaya na Asia, ambaye ukoo wake ndio uliomzaa mbwa wa kufugwa na ambaye bado anaweza kuzaa naye. Katika mbuga za Tanzania na Kenya ni mnyama mwingine kabisa, mwenye mabaka meusi, manjano na meupe na masikio ya mviringo. Huyu hazai na mbwa wa nyumbani. Wanaodai kuwa mbwa wao ni chotara wa mbwa mwitu wa Serengeti wamedanganywa.

Neno linalopotosha kuliko yote ni koko. Mbwa koko ni mbwa asiye na mwenyewe, anayejitafutia riziki jalalani, sokoni na machinjioni. Linaeleza hali ya maisha, halielezi damu. Lakini wengi hulitumia kwa mbwa yeyote ambaye mababu zake hawakutoka ng'ambo, hata kama ana jina, ana bakuli lake na hulala mlangoni kwa bwana wake. Huyo ni mbwa wa kienyeji. Tofauti hii si ya kamusi peke yake: anayeitwa koko hupigwa mawe, hakumbukwi siku ya chanjo, na akigongwa na gari hakuna anayeuliza. Jemani shepadi aliyetelekezwa akawa anakula jalalani amekuwa koko. Mbwa wa kienyeji wa mfugaji wa Kimasai, anayekesha na mbuzi zizini, si koko hata kidogo.

Wala kienyeji si chotara. Chotara huzaliwa na wazazi wa mbegu mbili zinazojulikana. Mbwa wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, kifua chembamba na mkia uliopinda, ana mababu walioishi Afrika kwa karne nyingi wakichujwa na jua, njaa, kupe na kazi. Mijini damu imechanganyika, lakini vijijini bado utamkuta kama alivyokuwa.

Ushahidi bora wa thamani yake unatoka Kongo. Wawindaji wa misitu ya kule walikuwa na mbwa mdogo mwenye paji lililokunjamana, asiyebweka kama wengine. Hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayejaribu kuimba. Kwa kuwa hakuwa na kelele, alivishwa kengele ya mti shingoni ili mwenyewe asimpoteze vichakani. Kwa Kilingala aliitwa mbwa na basenji, yaani mbwa wa watu wa vijijini au wa washenzi, na kwa Kiswahili mbwa shenzi. Wawili walioonyeshwa London mwaka 1895 walikufa kwa distempa, ugonjwa wa kuambukiza wa mbwa. Katika miaka ya 1930 mbegu ikashika mizizi Uingereza, na leo basenji ana cheti cha nasaba na huuzwa kwa bei kubwa. Dharau iliyomo katika jina imebaki palepale, lakini wanunuzi hawaisikii. Sisi tunaisikia, na inafaa ituzuie kumdharau ndugu yake aliye uani kwetu.

Mbegu, ambayo wengine huiita uzao, ni kundi la mbwa wanaofanana na wanaozaa watoto wanaofanana nao. Maana ya leo, yenye daftari la nasaba na vigezo vya umbo vilivyoandikwa, si ya zamani: chama cha kwanza cha kitaifa cha aina hiyo kilianzishwa London mwaka 1873, na jemani shepadi alianza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899. Kwa upande wa Afrika, vigezo vya mbwa aitwaye rijibaki viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Mstari wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni mwake aliurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Mstari huo ndio fahari yake, na ndio pia mzigo wake, kwa sababu chembe ya urithi inayouleta huambatana na kasoro ya ngozi, kijitundu kinachoweza kuzama hadi karibu na uti wa mgongo. Ndivyo ilivyo kwa mbegu nyingi. Mfugaji anayepandisha ndugu kwa ndugu ili ashike umbo moja hushika na maradhi yaliyojificha. Cheti cha nasaba huonyesha wazazi ni nani. Hakionyeshi kama nyonga zao ni nzima.

Jike aliye tayari kushika mimba husemwa yuko kwenye joto. Mara ya kwanza huwa kati ya miezi 6 na 12, kisha kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Basenji ni mara moja tu. Joto huchukua kama wiki tatu. Siku za mwanzo jike hutoka damu na kuwafukuza madume, na wafugaji wengi humfungia ndani siku hizo, kisha humwachia damu inapofifia. Hapo ndipo hasa anapopokea dume. Akipandwa na madume wawili, watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Baada ya kupandana, mbwa hunasana wakitazamana kinyume, pengine kwa nusu saa. Sababu ni uvimbe wa kawaida kwenye uume wa dume, nao hupungua wenyewe. Kuwamwagia maji, kuwapiga au kuwavuta, kama watoto wa mitaani wanavyofanya, huwajeruhi wote wawili.

Mimba huchukua kama siku 63. Vilebu huzaliwa vipofu na viziwi. Macho hufunguka karibu na siku ya 10 hadi 14. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya 12 ndipo kilebu hujifunza nani ni rafiki. Asiyeshikwa na mkono wa mtu wakati huo huenda akabaki mwoga au mkali maisha yake yote. Kumtenga na mama kabla ya wiki ya nane ni kumdhulumu.

Dume huhasiwa, kwa jike husemwa kufunga kizazi. Neno hili la pili linafariji isivyostahili, maana daktari wa mifugo hafungi kitu: huondoa ovari, mara nyingi pamoja na mji wa mimba, na hakuna kufungua tena.

Matunzo ya mbwa katika nyumba zetu huanza na ugali na dagaa, na si chakula kibaya kikiwa safi. Hatari iko kwenye mahindi yaliyoota ukungu, ambayo hutengwa kwa kuwa hayafai watu kisha hupikiwa mbwa. Sumu ya ukungu huo, sumukuvu, huharibu ini, na mbwa huihimili kwa shida kuliko wanyama wengi. Kupe huleta homa inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi. Akiogeshwa dhidi ya kupe kwa dawa ya ng'ombe isiyopimwa sawasawa, mbwa anaweza kufa.

Pwani, ambako wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kumfuga kwa ulinzi, mifugo na uwindaji, na aya ya nne ya Sura al-Maida inahalalisha windo la mbwa aliyefundishwa.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyopita kwenye mate, na dalili zikishatokea kwa mtu karibu daima ni kifo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kuchanjwa siku hiyohiyo. Kuua mbwa mitaani hakujaumaliza ugonjwa huu; kuchanja asilimia 70 ya mbwa hukata mnyororo wa maambukizi. Pemba iliukata, virusi vikaingia tena mwaka 2016, chanjo ikarudi, na kufikia 2018 vilikuwa vimetoweka kisiwani. Tangu distempa ilipoua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi nao wamekuwa wakichanjwa. Na vijijini Tanzania, watafiti waliowafuatilia mbwa wanaozurura, wale ambao kila mpita njia angewaita koko, walikuta kwamba karibu wote wana kwao. Siku ya chanjo huletwa uwanjani na watoto, kila mmoja kwa kipande chake cha kamba.