Malezi, Ulezi na Matunzo: Historia Fupi ya Istilahi za Mashauri ya Watoto, Karagwe na Kyerwa

Neno moja likikosewa katika ombi la mahakamani, mzazi aweza kupewa asichokiomba na kunyimwa alichokiomba. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno malezi, ulezi na matunzo yalivyopata kutenganishwa, tukichukua mfano wa Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyokuwa sehemu yake hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012.

Katika mila za Wanyambo, kama katika zile za jirani zao Wahaya, swali la kwanza lilikuwa: mtoto huyu ni wa ukoo gani? Ukoo, yaani oruganda, ulifuata upande wa baba. Mama aliyerudi kwao aliweza kumlea mtoto mchanga, lakini kulea hakukubadili ukoo. Tangazo la Sheria za Mila la 1963, lililohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilishika njia hiyohiyo: watoto wa ndoa ni wa baba. Istilahi haikuhitajika. Kiunganishi -a katika maneno “mtoto wa fulani” kilibeba sheria nzima.

Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971 ilibadili swali lenyewe. Kifungu cha 125 kinaiagiza mahakama itangulize ustawi wa mtoto, kisha izingatie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii. Tena kinachukulia, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 yafaa akae na mama yake. Mila haikufutwa, bali imekuwa jambo moja miongoni mwa mengine. Hapo ndipo lilipotakiwa jina la haki ambayo si ya kummiliki mtoto, bali ya kukaa naye. Kiswahili kilitoa malezi, ingawa wengine huandika uangalizi au hifadhi.

Ugumu uliongezwa na lugha. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, lakini kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Basi dai lililosemwa kwa Kinyambo nyumbani liliweza kuandikwa kwa Kiswahili mahakamani na kuamuliwa kwa Kiingereza katika rufani. Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mzigo wa kutofautisha maana sasa umo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inatenga maombi haya. Malezi ni kukaa na mtoto na kumwangalia kila siku. Matunzo ni chakula, mavazi, makazi, elimu na matibabu. Ulezi ni mamlaka ya mlezi anayesimama mahali pa mzazi. Kumtembelea mtoto ni haki ya mzazi asiyekaa naye. Anayeandika “naomba matunzo ya mtoto,” akidhani ameomba kukaa naye, huenda akapata amri ya fedha, na mtoto akabaki aliko. Vilevile, hati ya kiapo inayosema tu “ni mtoto wangu” inajibu swali la kale. Yapasa ieleze nani amekuwa akimlea, anaishi wapi, anasoma wapi, na kwa nini ustawi wake unadai mabadiliko.

Tunapendekeza malezi yatumike peke yake kwa maana tuliyoieleza, uangalizi na hifadhi yaachwe kwa shughuli nyingine, na kila fomu ya maombi ieleze istilahi hizi kwa sentensi moja moja. Makarani wa Kayanga na kwingineko waulize kwanza: “Unataka mtoto akae na nani?” Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha neno la kuandika.