Jinsi Marangu Ilivyopata Kuwalaza Wageni wa Mlima

Marangu, kwenye mteremko wa kusini mashariki wa Kilimanjaro, ina nyumba nyingi za wageni zisizo na makuu. Ni vyumba vichache kando ya makazi ya familia, migomba na mibuni imekaribia dirisha, blanketi nzito, maji ya moto ya ndoo, na jioni mtori au ndizi kwa nyama. Wageni hulala hapo, na kesho yake huenda kwenye lango la Hifadhi ya Taifa. Ni rahisi kudhani kwamba mlima wenyewe ndio uliozileta nyumba hizo. Lakini mlima huu umezungukwa na nchi nyingi za Wachagga, na kwa miaka mingi wageni walifikia kwingine.

Katika karne ya 19 Uchaggani hapakuwa na mji wala nyumba ya kupanga. Kila ukoo ulikaa katika vihamba vyake, yaani mashamba ya urithi, na mgeni kutoka mbali alikuwa mgeni wa mangi, mtawala wa nchi hiyo. Misafara ya pwani iliyotafuta pembe za ndovu ilitoa zawadi, ikaonyeshwa mahali pa kupiga kambi, ikapata chakula na ulinzi. Mangi aliyevuma zaidi alikuwa Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Kwake ndiko alikofikia mmishonari Mwingereza Charles New mwaka 1871, alipopanda hadi kwenye theluji. New aliporudi kwa mara ya pili, Rindi alimnyang'anya mali zake, naye akafa njiani akielekea pwani mwaka 1875.

Marealle, mangi kijana wa Marangu, alishika njia nyingine. Nchi yake ilikuwa ndogo kuliko ya Rindi, na alihitaji marafiki wenye nguvu. Mwaka 1887 aliwapokea Teleki wa Hungaria na Hans Meyer wa Ujerumani, kila mmoja na msafara wake. Meyer alirudi kwake mwaka 1889, na tarehe 6 Oktoba yeye na Ludwig Purtscheller wa Austria wakafika kileleni.

Je, Marangu ilichaguliwa kwa sababu gani? Wapo wanaosema ni umbo la nchi, kwa kuwa mgongo wa ardhi juu ya Marangu hupanda polepole hadi kwenye tambarare iliyo kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi. Wengine husema ni siasa za Marealle. Hoja ya kwanza ina ukweli, lakini New aliukaribia mlima kupitia Moshi, na tambarare ile haikuwa mali ya Marangu peke yake. Kwa maoni yangu, umbo la nchi linaeleza kwa nini njia ilidumu, na siasa zinaeleza kwa nini wageni walilala hapo tangu mwanzo.

Urafiki huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1891 Carl Peters aliifanya Marangu kituo cha serikali ya Kijerumani, na hapo akaamuru kunyongwa kwa mtumishi wake wa kiume na msichana mmoja wa Kiafrika. Alifukuzwa kazi mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili huo. Hata hivyo, Wajerumani walipojenga vibanda vya wapanda mlima kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kimoja walikiita Bismarck na cha pili Peters. Ni haki kabisa kwamba leo vituo hivyo vinaitwa Mandara na Horombo, kwa majina ya wamangi wawili wa Uchaggani.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na safari ya majuma ikawa ya siku. Wakati wa Waingereza walowezi wa Kizungu walifungua hoteli Marangu, na wenyeji wakawa wapishi, wapagazi na waongozaji. Walijifunza kazi yote, lakini kitanda kilichokodishwa hakikuwa chao.

Badiliko lililowafanya wenyeji wawe na vitanda vya kukodisha lilitoka shambani. Kwa desturi, mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume ndio waliotegemea kurithi kihamba, na wa katikati walitafuta ardhi mpya. Watu walipoongezeka, ardhi mpya ikaisha. Kahawa iliziba pengo kwa muda, ikalipa karo na mabati, lakini mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kahawa yalivunjika na bei ikaanguka. Miaka hiyohiyo Tanzania ililegeza masharti ya biashara, na kampuni binafsi za utalii zikaongezeka. Wengine huona sera hiyo kuwa chanzo kikuu. Iliufungua mlango, ni kweli, lakini familia iliyokuwa bado inaishi vizuri kwa kahawa isingekuwa na haraka ya kujenga vyumba vya wageni kihambani.

Leo barabara ya lami inaiunganisha Marangu na Moshi kwa safari isiyofika saa mbili, na kampuni nyingi huwalaza wateja mjini na kuwapandisha asubuhi. Kwa hiyo wewe unayepanga kupanda, iambie kampuni yako mapema kwamba usiku wa kwanza na wa mwisho utalala Marangu, katika nyumba ya mwenyeji, ili malipo ya chumba na chakula yabaki kijijini.