Shaha

Neno shaha, tulilolipokea kutoka Kiajemi, wacheza sataranji hulitumia kwa mfalme wa ubaoni, na watu wa mwambao humwita hivyo bingwa wa malenga. Nami naona maana zote mbili zilikutana mjini Cleveland, Marekani, mwaka 1922, pale José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka uliotangulia, alipozikabili mbao 103 kwa wakati mmoja, akashinda 102 na kutoka sare katika ubao mmoja tu.

Kanuni ya mchezo wa namna hii ina insafu kubwa kuliko idhaniwavyo. Mwanagenzi hukaa kitako, akatafakari muda wote bingwa awapo kwa wengine, lakini bingwa afikapo mbele yake hana budi kusogeza kete papo hapo. Naye bingwa, akiwa wima, hutupa jicho, hujibu, hupita, na kumwacha mwenzake ameshika tama akizihesabu upya njia za kumwokoa shaha wake.

Wala ada hii si ya jana: Giovanni Villani, mwanatarikhi wa Florence, ameandika habari za Buzecca, Mwislamu aliyecheza mjini humo katika karne ya 13 mbao tatu pamoja, mbili kati yake kwa kumbukumbu pasipo kuziangalia. Basi nawasihi waandishi wa michezo, wanaponakili habari za mabingwa hawa, waandike shaha, waache “kingi”, kwani neno tunalo.