Mvua ya Simba, Dhahabu ya Chato: Jinsia na Daraja katika The Lion King

Katika machimbo madogo ya ukanda wa Geita, Chato ikiwamo, upo mwiko wa siku nyingi: mwanamke asishuke shimoni, hasa akiwa hedhini, la sivyo dhahabu itakimbia. Makala haya yanadai kwamba mwiko huo na katuni ya The Lion King, iliyotolewa na Disney mwaka 1994, vinasimama juu ya hoja moja. Vyote viwili huyafanya maumbile kuwa askari wa daraja: anayevuka mpaka wake huadhibiwa na ardhi yenyewe.

Katika katuni hiyo, simba Scar anamuua kaka yake, mfalme Mufasa, anawaingiza fisi katika himaya, na nchi inakauka. Mvua inanyesha Scar anapoanguka, kisha Simba, mwana wa Mufasa, anapanda jabali. Hakuna mhusika anayesema kwamba ukame umeletwa na kuchanganyika kwa madaraja; hakuna haja ya kusema, kwa kuwa picha zimekwisha kusema.

Ndiyo maana Sarabi, mama yake Simba na kiongozi wa mawindo, anastahili kutazamwa kwa makini kuliko anavyotazamwa kwa kawaida. Scar anamwita na kumuuliza kwa nini wawindaji wake hawafanyi kazi. Anajibu kama mtaalamu: wanyama wamehama, nasi tuhame. Anapothubutu kumlinganisha mfalme na Mufasa, anapigwa na kuanguka. Sarabi anausoma ukame kama suala la malisho, si la damu ya kifalme. Filamu haimpi nafasi ya kuthibitishwa. Nala, rafiki wa Simba tangu utotoni, naye humwangusha kila wanapopigana mieleka, lakini safari yake ya kutafuta msaada inaishia kumrudisha nyumbani mrithi wa kiume. Wanaosema filamu hii ina majike hodari wanasema kweli, ila nguvu si cheo.

Jike anayeonekana kuongoza kundi ni fisi Shenzi, na kundi lenyewe ni la wanaodharauliwa. Hapa filamu imegusa ukweli ikaugeuza kuwa aibu. Hans Kruuk, katika utafiti wa Serengeti na Ngorongoro aliouchapisha mwaka 1972, alionyesha kwamba fisi ni mwindaji, na kwamba kule Ngorongoro simba mara nyingi ndiye anayekula alichoua fisi. Tafiti zilizofuata zimeeleza jinsi majike wa fisi madoa wanavyowatawala madume, na mtoto kurithi nafasi ya mama yake. Hata simba jike kwa kawaida hubaki katika ardhi ya mama yake. Dume ndiye mgeni. Mtoto wa Chato, jirani wa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2019, anauziwa mpangilio wa wanadamu uliovishwa manyoya.

Turudi machimboni. Wanawake huponda mawe, huchekecha, huosha mchanga kwenye mialo, huwapikia wachimbaji. Kazi yao inahitajika kila siku, lakini mgawo huanzia kwa mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haimnyimi mwanamke leseni, na wapo wanawake wanaomiliki maduara. Kwao mwiko hauna makali, kwa sababu mwenye duara, awe mwanamume au mwanamke, halazimiki kushuka: hulipa watu washuke. Anayeumia ni yule asiye na mtaji, ambaye shimo lingekuwa njia yake ya kupata mgawo wa mchimbaji. Vivyo hivyo, katika toleo jipya la filamu hiyo la mwaka 2019 Nala anapewa pambano kubwa zaidi dhidi ya Shenzi, majike wawili wakiamua sehemu ya vita, lakini kanuni ya urithi haikuguswa. Mhusika wa kike ameongezewa kazi. Kiti kimebaki kwa mwenye damu.